Selimundu: Jinsi protini zinavyonasana damuni na kuzua maumivu

MZAZI aliyewahi kukesha na mtoto anayeugua selimundu hahitaji kuelezwa makali ya ugonjwa huo. Mtoto aliyekuwa akicheza jioni huamka usiku wa manane akilia kwamba mifupa inamuuma, huku macho yakiwa ya manjano na vidole vimevimba. Hospitalini huwekewa maji mshipani, hupewa dawa za kutuliza maumivu na, damu ikipungua kupita kiasi, huongezewa ya mtu mwingine. Baada ya siku chache huruhusiwa kurejea nyumbani, lakini wazazi wanajua fika kwamba usiku kama huo utarudi.

Kwa miaka mingi, watu katika jamii mbalimbali walitafuta chanzo cha masaibu haya katika laana, kijicho cha majirani au uchawi. Wengine waliwalaumu akina mama kana kwamba wao pekee ndio waliowaambukiza watoto wao. Ukweli ni kwamba chanzo cha selimundu kimejulikana kwa zaidi ya miaka 65, tena kwa undani ambao wanasayansi hawajaufikia katika magonjwa mengine mengi. Ni protini moja ya damu ambayo, baada ya kuachilia oksijeni, hunasana na nyingine za aina yake badala ya kila moja kuelea kivyake.

Swali linalozuka ni hili: iwapo kiini cha maradhi kimefahamika muda huo wote, mbona dawa imechelewa? Ili kulijibu, yafaa kwanza tuelewe jinsi protini zinavyohusiana mwilini, kwa kuwa katika uhusiano huo ndimo afya na magonjwa mengi hukaa.

Protini ni nini?

Wengi wakisikia neno protini hufikiria maharagwe, ndengu, mayai au omena. Vyakula hivyo vinapofika tumboni husagwa na kuvunjwavunjwa hadi kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Mwili huvitumia vipande hivyo kuunda protini zake wenyewe.

Kuna aina 20 za asidi amino ambazo hupangwa moja baada ya nyingine, mithili ya shanga katika uzi. Jeni, ambazo tunarithi kutoka kwa baba na mama, ndizo hutoa maagizo kuhusu shanga ipi itangulie na ipi ifuate. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya aina hiyo.

Uzi huo haubaki umenyooka. Hujikunja na kuwa umbo maalum lenye mabonde na vilima. Baadhi ya sehemu zake huwa na chaji ya umeme, nyingine huyapenda maji na nyingine huyakwepa kama yafanyavyo mafuta. Umbo hilo ndilo huamua ni protini gani zitakazoshikana na ni zipi zitakazopishana bila kugusana.

Ni nadra sana kwa protini kutenda kazi peke yake. Insulini, kwa mfano, haiwezi kupunguza sukari katika damu mpaka ishikane na protini nyingine iliyo kwenye ukuta wa seli. Kingamwili nazo hutulinda kwa kuzishika protini za viini vya maradhi. Mnamo 2020, kundi la watafiti wa kimataifa lilichapisha ramani ya protini za binadamu iliyoonyesha njia takriban 53,000 ambazo protini hizo hushikana mbili mbili, na hata hiyo haikuwa ramani kamili.

Uhusiano huu unaweza kuharibika kwa namna tatu. Kwanza, protini zinazostahili kushikana zinaweza kushindwa kufanya hivyo. Pili, zisizostahili kushikana zinaweza kunasana. Tatu, mgeni kama vile virusi au kimelea anaweza kuja na protini yake na kuitumia kufungua mlango wa seli. Selimundu ni mfano bora wa namna ya pili.

Kazi ya himoglobini

Damu huwa nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo himoglobini, ambayo husheheni ndani ya seli nyekundu. Seli moja tu, ambayo haiwezi kuonekana bila darubini, hubeba takriban molekuli milioni 270 za himoglobini.

Kila molekuli imeundwa kwa nyuzi nne: mbili za aina ya alfa na mbili za aina ya beta. Nyuzi hizi hushikana barabara, na hapo mshikano una manufaa. Uzi mmoja unapopokea oksijeni mapafuni, hubadilika umbo kidogo na kuwarahisishia wenzake kupokea yao. Damu inapofika kwenye misuli au ubongo, mambo hugeuka na oksijeni kuachiliwa.

Kwa mtu mwenye afya, molekuli hizo milioni 270 huogelea ndani ya seli zikiwa zimesongamana, lakini haziungani. Kwa sababu hiyo seli hubaki laini, na inaweza kujikunja na kupenya kwenye mishipa myembamba kuliko upana wake. Seli ya aina hii huishi kwa takriban siku 120.

Shanga moja iliyokosewa

Uzi wa beta una asidi amino 146. Katika selimundu, 145 kati yazo ni sawa kabisa na za mtu yeyote mwingine. Tofauti iko katika nafasi ya sita pekee. Mahali palipostahili kuwa na asidi ya glutamiki, ambayo ina chaji na hupenda maji, pamekaa valini, ambayo huyakwepa maji kama tone la mafuta.

Himoglobini hiyo inapokuwa imebeba oksijeni, hakuna madhara makubwa yanayoonekana. Tatizo huanza pale inapoiachilia. Umbo lake hubadilika, na kwenye uzi wa beta wa molekuli ya jirani hujitokeza kishimo kidogo ambacho nacho hukwepa maji. Valini huingia katika kishimo hicho kama kifungo kinavyoingia kwenye tundu lake.

Molekuli ya pili nayo huinasa ya tatu, na ya tatu huinasa ya nne. Kwa muda mfupi, kamba ndefu ngumu huundwa ndani ya seli, kila moja ikiwa na nyuzi 14 za molekuli zilizosokotana. Kamba hizo huisukuma seli kutoka ndani hadi ipinde mfano wa mundu, ndiposa ugonjwa ukapewa jina hilo.

Seli iliyopinda hukwama kwenye mishipa midogo, na zinazoifuata hukwama nyuma yake. Sehemu ya mwili iliyo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni. Ikiwa ni mfupa, mgonjwa hupatwa na maumivu yasiyomithilika. Ikiwa ni ubongo, hupatwa na kiharusi, hata akiwa mtoto wa shule ya msingi. Wengu, ambao hutukinga dhidi ya bakteria, huharibika mapema na kumwacha mtoto katika hatari ya nimonia na maambukizi mengine. Isitoshe, seli hizo hufa baada ya siku 10 hadi 20 tu, na mwili hushindwa kuunda nyingine kwa kasi inayotosha. Hicho ndicho kiini cha upungufu wa damu.

Ikumbukwe kwamba haya yote yanatokana na shanga moja iliyokosewa kati ya 146.

Safari ya uvumbuzi

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika jarida la tiba mnamo 1910, wakati daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alipoandika kuhusu seli zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Herrick hakujua kilichozipinda.

Mnamo 1949, mwanakemia Linus Pauling na wenzake walipitisha umeme katika himoglobini ya wagonjwa na ya watu wasiougua. Waligundua kwamba aina hizo mbili husafiri kwa kasi tofauti, ishara kwamba chaji zake si sawa. Waliuita selimundu ugonjwa wa molekuli, jambo ambalo halikuwa limewahi kusemwa kuhusu ugonjwa wowote. Mnamo 1956, Vernon Ingram, aliyekuwa akifanya utafiti Cambridge, Uingereza, aliikatakata himoglobini vipande vidogo, akavilinganisha na kupata kipande kimoja tu kilichotofautiana. Muda mfupi baadaye alithibitisha kwamba tofauti ilikuwa ya asidi amino moja.

Kenya ina nafasi yake katika historia hii. Mwaka huo huo wa 1949, Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa humu nchini, alijiunga na msafara wa wasomi wa Chuo Kikuu cha Oxford waliokuja kufanya utafiti Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya sampuli za damu kutoka kwa jamii mbalimbali.

Allison aligundua jambo lililomshangaza. Katika jamii zilizoishi karibu na Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na jeni ya selimundu. Miongoni mwa waliokaa nyanda za juu, waliokuwa nayo hawakufika asilimia moja. Alijiuliza: mbona jeni inayoua watoto isipotee katika maeneo hayo? Jibu alilolichapisha mnamo 1954 lilikuwa malaria.

Mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja pekee, ambaye huitwa AS, kwa kawaida haugui selimundu. Damu yake ina aina zote mbili za himoglobini, na ile ya kawaida huzuia kamba ngumu kuundwa. Lakini kimelea cha malaria hupata taabu kuishi ndani ya seli zake. Tafiti zilizofanywa Kilifi na kwingineko zimebainisha kwamba watu wa AS wana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Sehemu ya kinga hiyo inatokana tena na mshikano wa protini. Kimelea kikiingia katika seli nyekundu, hutuma protini yake juu ya ukuta wa seli ili ishikamane na mishipa ya damu, na kwa njia hiyo hukwepa kupelekwa kwenye wengu ambako kingeangamizwa. Katika seli za mtu wa AS, protini hiyo hukosa kupangika vyema na mshiko wake hulegea. Hivyo basi, badiliko lile lile linalomtesa mtoto aliyelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndilo humwokoa nduguye aliyelirithi kutoka kwa mmoja.

Hii ndiyo sababu selimundu imekithiri Nyanza, Magharibi na Pwani. Kote ulimwenguni, inakadiriwa kwamba watoto 515,000 walizaliwa na ugonjwa huu mnamo 2021, zaidi ya robo tatu yao wakiwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa jangwa la Sahara.

Dawa iliyoleta matumaini, kisha majonzi

Kwa kuwa kifungo na tundu vinajulikana, huenda msomaji akadhani kwamba kilichobaki ni kutengeneza dawa ya kuziba tundu. Wanasayansi walidhani hivyo pia. Hata hivyo, vizingiti viwili viliwakabili.

Kizingiti cha kwanza ni umbo. Dawa nyingi tunazozimeza ni molekuli ndogo ambazo hufanya kazi kwa kuingia katika shimo refu la protini, kama ufunguo katika kufuli. Mahali protini mbili zinapokutania huwa ni papana na tambarare, hivyo molekuli ndogo hukosa pa kujishikiza. Kizingiti cha pili ni wingi. Himoglobini mwilini mwa mtu mzima hufikia mamia ya gramu, na dawa haina budi kuifikia sehemu kubwa ya shehena hiyo kila siku bila kuwa sumu.

Watafiti wa kampuni moja ya Marekani walijaribu njia ya kuzunguka. Walitengeneza voxelotor, dawa ambayo badala ya kuziba tundu hujibandika kwenye uzi wa alfa na kuifanya himoglobini ing'ang'anie oksijeni. Hoja yao ilikuwa rahisi: himoglobini iliyobeba oksijeni hainasani, kwa hivyo ikizuiwa kuiachilia, kamba hazitaundwa. Mgonjwa mzima alihitaji kumeza miligramu 1,500 kila siku, kiasi kinachoonyesha ukubwa wa shehena iliyolengwa.

Mnamo Novemba 2019, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha voxelotor kwa utaratibu wa haraka, kwa kuwa ilikuwa imeongeza kiwango cha himoglobini katika damu ya wagonjwa. Iliuzwa kwa jina Oxbryta. Kampuni ya Pfizer iliinunua kampuni iliyoivumbua mnamo 2022 kwa takriban dola bilioni 5.4.

Furaha hiyo haikudumu. Septemba 2024, Pfizer iliondoa dawa hiyo katika masoko yote duniani na kusimamisha majaribio yaliyokuwa yakiendelea. Takwimu zilikuwa zimeonyesha kwamba faida yake haikuzidi tena hatari zake. Katika jaribio moja lililowahusu watoto, vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa waliopewa dawa kuliko miongoni mwa waliopewa dawa bandia kwa ajili ya ulinganisho. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambako majaribio hayo yalifanyiwa.

Baadhi ya wataalamu walikuwa wametahadharisha mapema. Walieleza kwamba kazi ya himoglobini si kubeba oksijeni tu bali pia kuiachilia pale inapohitajika. Damu yenye himoglobini nyingi isiyotaka kuachilia mzigo wake inaweza kupendeza katika karatasi ya maabara, ilhali ubongo na misuli vinaendelea kuhangaika. Funzo ni kwamba kuubadili uhusiano mmoja wa protini kunaweza kuvuruga mwingine ambao uhai unautegemea.

Siri iliyofichwa kwa watoto wachanga

Njia ya pili haikuanzia katika maabara ya kutengeneza dawa bali wodini. Mnamo 1948, Janet Watson, daktari wa watoto jijini New York, aligundua kwamba watoto wachanga waliorithi selimundu walikuwa na seli chache sana zilizopinda, na hawakuonyesha dalili za ugonjwa. Alipendekeza kwamba walikuwa wakilindwa na himoglobini ya kijusi, ambayo mtoto huitumia akiwa tumboni na ambayo hupungua miezi michache baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana dalili za selimundu kwa kawaida huanza mtoto anapotimiza takriban miezi sita.

Katika himoglobini ya kijusi, nyuzi mbili za beta huwa hazipo; nafasi yake huchukuliwa na nyuzi za aina ya gama. Nyuzi hizi hazina valini yenye madhara, na molekuli yenye nyuzi hizo haiingii katika msokoto wa kamba. Hukaa katikati ya molekuli nyingine kama mtu anayekataa kushika mkono wa jirani na kuvunja mnyororo.

Wanasayansi walianza kutafuta namna ya kuirejesha himoglobini hiyo. Walichokipata ni hidroksiyurea, kemikali iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza katika karne ya 19 na iliyokuwa tayari ikitumika kutibu baadhi ya saratani za damu. Haikubuniwa kwa ajili ya selimundu kamwe. Hata hivyo, mgonjwa anayeimeza kila siku hupata ongezeko la himoglobini ya kijusi. Utafiti uliochapishwa mnamo 1995 ulionyesha kwamba ilipunguza vipindi vya maumivu kwa watu wazima, na Marekani ikaiidhinisha mnamo 1998.

Kwa muda mrefu madaktari wengi barani Afrika walisitasita kuitumia. Hofu yao ilikuwa kwamba dawa inayopunguza seli za kinga ingewafanya watoto washambuliwe zaidi na malaria na maambukizi mengine. Hofu hiyo ilijaribiwa katika utafiti ulioitwa REACH, uliowashirikisha watoto takriban 600 wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na miaka 10 katika nchi nne: Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kenya, ambako kituo kilikuwa Kilifi.

Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2018 yaliondoa shaka hiyo. Vipindi vya maumivu vilipungua. Watoto waliohitaji kuongezewa damu walipungua, na vifo pia vikapungua. Hata visa vya malaria, vilivyohofiwa kuongezeka, vilipungua.

Tiba ya jeni na bei yake

Swali lililosalia lilikuwa ni nini hasa huizima himoglobini ya kijusi baada ya mtoto kuzaliwa. Jibu lilipatikana mnamo 2008, na lilikuwa protini nyingine. Protini hiyo, BCL11A, hushikana na protini kadhaa kisha kundi hilo hukaa juu ya eneo la jeni za gama na kuzizuia zisitumike. Ni kama kufuli lililowekwa mlangoni mtoto anapoacha kuutegemea mwili wa mamake.

Ugunduzi huo ulizaa tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza mnamo Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Madaktari huchukua seli za mgonjwa zinazozalisha damu, hukata kwa ustadi kipande cha jeni kinachochochea kuundwa kwa BCL11A katika seli hizo, kisha huzirejesha mwilini. Kufuli linapolegea, himoglobini ya kijusi hurudi. Wengi wa waliotibiwa katika majaribio walipitisha angalau mwaka mzima bila kipindi kikali cha maumivu.

Lakini kabla ya kurejeshewa seli hizo, mgonjwa hupewa dawa kali za kuangamiza uboho wake wa awali, na hulazwa kwa majuma kadhaa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya Sh280 milioni, kwa mgonjwa mmoja. Ni dhahiri kwamba mkulima wa Busia au mvuvi wa Kwale hawezi kuifikia tiba hiyo.

Zaidi ya selimundu

Mbinu hii ya kulenga mshikano wa protini inatumika katika magonjwa mengine pia. Virusi vya HIV huingia katika seli za kinga kwa kuzishika protini mbili zilizo juu yake, CD4 na nyingine ambayo mara nyingi huwa CCR5. Dawa ya maraviroc, iliyoidhinishwa mnamo 2007, hujibandika kwenye CCR5 na kuwanyima virusi mlango.

Katika baadhi ya saratani za damu, protini iitwayo BCL-2 huzishika protini zinazotoa amri ya seli mbovu kufa, na kuzifunga zisitende kazi. Dawa ya venetoclax, iliyoidhinishwa mnamo 2016, huingia katika mfereji wa BCL-2 na kuziachilia protini hizo. Hii ni mojawapo ya dawa zilizothibitisha kwamba mahali protini zinapokutania panaweza kulengwa, ijapokuwa kazi hiyo huchukua miaka na mikaka.

Maumbile yenyewe yametangulia kutumia mbinu hiyo. Wakenya wengi hawana protini iitwayo Duffy kwenye ukuta wa seli zao nyekundu. Kimelea cha malaria aina ya vivax huitumia protini hiyo kuingilia, na kukosekana kwake ni sababu kubwa ya malaria ya vivax kuwa nadra humu nchini.

Kompyuta nazo zimeongeza kasi ya utafiti. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2024 ilitunukiwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper kwa kazi ya kubuni protini na kubashiri maumbo yake. Umbo likijulikana, huwa rahisi kutambua ni wapi protini mbili zitakutania.

Mzazi afanye nini?

Wakati maabara za mataifa tajiri zinaendelea na utafiti, yapo mengi yanayoweza kumwokoa mtoto wa Kenya leo hii.

La kwanza ni kupima mapema. Tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga linatosha kubaini iwapo ana selimundu. Mtoto akijulikana kabla ya kutimiza miezi sita, anaweza kuanzishiwa penisilini ya kuzuia maambukizi, kupewa chanjo zote, dawa ya kuzuia malaria na neti iliyotiwa dawa. Wengi hufariki kabla ya kutimiza umri wa miaka mitano bila familia kujua kilichowaua.

La pili ni kumuuliza daktari kuhusu hidroksiyurea. Dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Hata hivyo, haifai kununuliwa na kutumiwa bila ushauri, kwa kuwa mgonjwa anahitaji kupimwa damu mara kwa mara ili apewe kipimo kinachomfaa.

La tatu ni kwa vijana wanaopanga kuoana kujua hali yao. Iwapo wote wawili ni AS, katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atakuwa na selimundu, asilimia 50 kwamba atakuwa AS kama wao, na asilimia 25 kwamba hatakuwa na jeni hiyo kabisa. Hesabu hii huanza upya kwa kila mimba. Aidha, inaonyesha wazi kwamba baba na mama huchangia sawasawa, na hakuna haki ya kumtupia mmoja wao lawama.

Mgonjwa mwenyewe ashauriwe kunywa maji ya kutosha, kwa sababu seli inapopungukiwa na maji, himoglobini ndani yake husongamana na kunasana upesi zaidi. Vilevile ajikinge na baridi kali, aepuke kazi za kumchosha kupita kiasi na afike hospitalini haraka apatapo homa, maumivu ya kifua au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili.

Elimu iliyoanza 1949 katika maabara za Marekani na katika sampuli za damu ya Wakenya imechukua miongo mingi kuzaa matunda, na tunda lililo karibu zaidi na mikono ya mgonjwa wa Kenya si lile la mamilioni ya dola. Ni tone la damu la kupima mtoto, tembe za penisilini na dawa kuukuu ambayo thamani yake ilithibitishwa papa hapa Kilifi. Kilichosalia ni kuhakikisha kwamba vitu hivyo vitatu havikosekani katika zahanati iliyo karibu na mtoto anayevihitaji.